Shajara ya mradi: taa za ndani za gari la Ami zimekataa kuzima

Ijumaa usiku

Gari limeingia uani kwetu Tudor, Mombasa, baada ya isha. Ami ameliegesha chini ya mwarobaini, akamwachia mama funguo, akaondoka kwa tuktuk. Ni stesheni wagoni ndogo ya Kijapani ya mwaka 2003, gari la kazi. Ami hununua viungo Marikiti, na papa na ng'onda kwa wachuuzi wake wa mjini, akavuka na mzigo kwa feri ya Likoni kabla jua halijatoka, hadi dukani kwake Ukunda.

Ugonjwa wenyewe ni huu. Milango yote imefungwa na ufunguo umetolewa, lakini taa ya katikati ya dari na ile ya nyuma juu ya mizigo zinaendelea kuwaka. Ukiwasha swichi ya ufunguo, kile kialama chekundu cha mlango wazi kwenye dashibodi nacho hakiondoki. Ami amezoea kuzima kila taa kwa kitufe chake. Akikumbuka, salama. Akisahau, asubuhi betri imelala. Majuzi injini ilikataa kuwaka ndani ya feri, magari yamejipanga nyuma yake yanapiga honi, na ilibidi vijana wamsukume mpaka wakampandisha barabarani. Mzee wa umri wake hastahili kuianza siku hivyo, ndiyo maana gari liko hapa.

Fundi mmoja alimshauri ang'oe fyuzi ya taa za ndani, yaishe. Nimemwomba tusifike huko. Kwenye magari mengi ya Kijapani fyuzi hiyo ndiyo inayolisha pia saa na kumbukumbu ya redio, na kwenye hili hata alamu imeungwa hapo hapo. Lakini kubwa zaidi kwangu ni kile kialama cha mlango. Ami huwachukua wajukuu kutoka madrasa, wanakaa kiti cha nyuma. Dereva aliyezoea kukiona kialama kinawaka kila siku, siku mlango utakapokuwa wazi kweli atajuaje? Kazi niliyojipa ni kumtafuta anayeziwasha taa hizi. Kuziziba macho si kazi.

Leo nimetazama tu, na usiku ndio wakati mzuri wa kutazama. Nimefunga milango, nikalizunguka gari taratibu. Taa ya katikati ni nyeupe, kwa kuwa Ami aliwahi kubadilisha balbu akaweka LED aliyoinunua barabarani. Ya nyuma bado ni balbu ya asili, ya manjano. Zote zinawaka kwa nguvu zote. Nimeandika hilo makusudi: taa inayowaka kwa nguvu zote maana yake kuna pointi imeshika sawasawa mahali fulani. Ingekuwa waya umechubuka au unyevu unapenyeza umeme, ningetarajia mwanga hafifu au unaochezacheza.

Na kile kialama ni ushahidi mwingine. Kama kingekuwa kimezima huku taa za dari zinawaka, ningeanzia kwenye taa zenyewe, kwenye vile vitufe vyake vya nafasi tatu: kuwaka, mlango, kuzima. Mara nyingi ni mtoto tu amesukuma kitufe. Lakini kialama kinapowaka pamoja na taa, gari linaamini kabisa kwamba kuna mlango uko wazi.

Jumamosi asubuhi

Nimeanza na betri, maana kulifanyia gari uchunguzi betri ikiwa mahututi ni kujidanganya. Mita imesoma volti 11.9. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6, ikifika 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 iko taabani. Nimeichaji mpaka saa nne, kisha nikawasha injini na kupima tena: 14.1. Alteneta, ile inayoichaji betri injini ikiwaka, ni nzima, kwa hiyo lawama haiko huko.

Sasa kipimo chenyewe. Nimezima gari, nikafungua waya wa hasi kwenye betri, nikaiweka mita katikati, ncha moja ya mita kwenye kichwa cha betri na nyingine kwenye waya, tundu la ampea 10. Umeme wote unaotoka betrini sasa lazima upite ndani ya mita. Anayejaribu nyumbani azingatie jambo moja: mita ikiwa imekaa hivyo usiguse ufunguo. Stata, ile inayoizungusha injini iwake, huvuta zaidi ya ampea mia, na fyuzi ya mita itakwenda papo hapo.

Kipimo: ampea 0.6, milango ikiwa imefungwa. Balbu ya nyuma ni ya wati 5, yaani kama ampea 0.4. Inayobaki ni LED, alamu, saa na redio. Mtu anaweza kuona 0.6 ni kitu kidogo, lakini kidogo hicho hakilali. Kwa saa 24 ni zaidi ya ampea-saa 14. Betri ya Ami imeandikwa 45, nayo si mpya. Tangu Ijumaa magharibi hadi Jumapili alfajiri zimeshatoka zaidi ya 20, na stata haiombi makombo. Gari lililolala salama halipaswi kuzidi kama miliampea 50. Hili linakula mara kumi na zaidi.

Kisha nikazima taa zote mbili kwa vitufe vyake. Mita ikashuka hadi 0.03. Kwa hiyo hakuna mwizi mwingine. Ni taa hizi tu.

Jumamosi jioni

Nieleze jinsi saketi hii inavyofanya kazi, maana ukishaielewa kutafuta kunakuwa kwepesi.

Kwenye gari la rika hili, chanya kinatoka betri, kinapita kwenye fyuzi, kinafika kwenye taa na kukaa pale usiku na mchana. Kinachokosekana ni njia ya kurudi. Njia hiyo inapitia kwenye swichi za milango. Kila swichi ni pini yenye springi, imefungwa kwa bolti moja kwenye nguzo ya bodi, pale mlango unapokuja kukutana nayo. Mlango ukifunga unaibonyeza pini na pointi za ndani zinaachana. Mlango ukifunguka springi inaitoa pini nje, pointi zinakutana, umeme unateremka kwenye bodi kupitia bolti ile ile, na bodi ndiyo hasi ya gari zima. Swichi zote zimeungwa kwenye mstari mmoja. Hapa ziko tano, nne za milango ya abiria na moja ya mlango wa mizigo, na ikishika moja tu taa zote zinawaka. Nne zinaweza kuwa zinasema kweli, na moja ikawaponza wote.

Njia yangu ya kumtafuta ilikuwa hii: milango yote imefungwa, nafungua mmoja, naibonyeza pini yake kwa kidole gumba mpaka mwisho, natazama dari. Taa zikizima, basi swichi hiyo ni nzima ila mlango wake hauifikii. Zisipozima, nafungua bolti, naichomoa swichi kwenye waya wake, natazama tena. Zikizima hapo, swichi imekufa kwa ndani.

Mlango wa dereva, hakuna kitu. Mbele kushoto, hakuna. Nyuma kulia, hakuna. Nyuma kushoto, nilipoibonyeza pini ikafika mwisho, uani kukawa giza. Binamu yangu mdogo aliyekuwa amenishikia tochi alipiga makofi.

Pini ilizima taa kwa kidole, lakini haizimi kwa mlango. Kwa nini? Nilimwomba mama wanja wake, nikapaka kidogo kwenye ncha ya pini, nikafunga mlango kama anavyofunga abiria wa kawaida, nikafungua. Alama ya wanja kwenye ukingo wa mlango ilikuwa upande mmoja tu, mwembamba, na chini ya pale palipokuwa na alama ya zamani. Mlango umeshuka. Nikaushika chini nikaunyanyua, bawaba ikacheza. Na ule mpira mdogo unaovaa kichwa cha pini umelika mpaka umetoboka, pini inagusa mlango kwa plastiki yake mwenyewe. Milimita chache za mpira zimepotea, milimita nyingine zimekwenda na bawaba, na swichi haifiki tena pale pointi zinapoachana.

Nimempigia Ami kumuuliza.

"Mlango huo uliwahi kugongwa, Ami?"

"Tuktuk ilinibamiza Mwembe Tayari, mwaka juzi. Wakaunyoosha. Tangu hapo nikiufunga lazima niupige."

Basi. Hapo kisa kimeeleweka.

Jumapili

Asubuhi nimeurekebisha mlango. Kile chuma cha nguzoni ambacho kufuli ya mlango hung'ata kimefungwa kwa skrubu mbili na kina nafasi ya kusogea. Nimekichora kuzunguka kwa penseli ili nijue kilipotoka, nikalegeza skrubu, nikakisogeza ndani kidogo na juu kidogo, nikakaza. Mlango sasa unafunga bila kupigwa na unalingana na bodi. Pini inabonyea. Taa zimezima, kialama kimezima. Kuna wanaobandika kipande cha mpira kwenye mlango ili kuifikia pini. Huo ni msaada wa safari, si matengenezo, kwa sababu mlango unaoning'inia unaendelea kuning'inia.

Jirani alipita akauliza kama lake nalo linatazamwa hivyo hivyo, nikalitazama. Halina pini nguzoni. Magari mengi ya karibuni swichi imefichwa ndani ya kufuli ya mlango yenyewe, na taarifa inakwenda kwanza kwenye kompyuta ya bodi, ambayo ndiyo inayozififisha taa pole pole, na kwenye baadhi ya magari inazikata yenyewe baada ya muda ili kuokoa betri. Kwa gari la namna hiyo, fungua mlango, chukua bisibisi, usukume ule ulimi wa kufuli ujifunge kana kwamba mlango umefungwa, kisha tazama taa. Lakini kabla ya kuufunga mlango wenyewe vuta komeo uufungue ulimi kwanza, la sivyo utaubamiza chuma kwa chuma. Mara nyingi dawa ya kulainisha ikipulizwa ndani ya kufuli na mlango ukafunguliwa na kufungwa mara nyingi, swichi inarudi kazini. Na kwa wachache wenye magari ya Kimarekani: kwenye mengi yake, kile kigurudumu cha kupunguza mwanga wa dashibodi kikizungushwa hadi mwisho kinawasha taa za ndani. Anza hapo kabla hujafungua hata skrubu moja.

Nilitaka kumpigia Ami aje achukue gari usiku huu. Sikumpigia.

Baada ya isha nilitoka kutazama mara ya mwisho. Taa ya nyuma nilikuwa nimeizima kwa kitufe chake ili niitazame vizuri ile ya katikati. Milango yote imefungwa. Dari ilikuwa giza, ila ndani ya kioo cha taa ya katikati vile vidoti vya LED vilionekana kama punje za mtama zinazong'aa. Haziangazi kitu, hata kiti huwezi kukiona kwa mwanga wake. Lakini zinawaka.

Nikakirudisha kitufe cha taa ya nyuma kwenye nafasi ya mlango. Vidoti vikafa. Nikakizima tena, vikarudi.

Hili linapendeza sana kuliona kwa macho. LED inahitaji umeme kidogo mno ili ionyeshe dalili ya uhai. Chini ya miliampea moja inatosha. Balbu ya waya ya wati 5 hata ukiipa miliampea kadhaa haibadiliki rangi. Zote mbili zimeungwa mstari mmoja. Taa ya nyuma ikiwa imeungwa, ule waya wake mwembamba unakuwa njia rahisi zaidi, umeme unaovuja unapita huko kimya kimya, na LED haibakiwi na kitu. Ukiitoa balbu, LED peke yake ndiyo inayobeba uvujaji na inaonyesha. Kwa maneno mengine kuna mahali pengine, mbali na ule mlango wa kushoto, ambapo mstari wa swichi unaugusa mwili wa gari kidogo kidogo, na bila ile LED ya barabarani nisingejua.

Jumatatu

Alfajiri, baada ya mvua ya usiku, vidoti vinang'aa zaidi. Saa saba mchana, gari limekaa juani, nikafunika vioo kwa shuka nikachungulia: hakuna kitu. Magharibi vikaanza tena.

Nimepima kwa tundu la miliampea. Asubuhi 31, adhuhuri 27. Tofauti ya miliampea nne haiui betri ya mtu, na kama ningekuwa natafuta kulirudisha gari haraka ningeishia hapa. Lakini kitu kinachovuja asubuhi na kukauka mchana kina jina moja katika mji huu: chumvi. Chumvi huvuta unyevu wa hewa. Hewa ikishapita kiasi cha unyevu wa asilimia 75, chumvi ya kawaida inaanza kuyeyuka yenyewe bila kumwagiwa maji, na kwa Mombasa msimu huu, pepo za kusi zimeanza na masika hayajaisha, usiku na alfajiri tunapita hapo kwa urahisi. Chumvi iliyolowa inapitisha umeme, ikikauka inanyamaza. Na kwa kuwa mstari huu una chanya muda wote taa zinapokuwa zimezima, ule unyevu wa chumvi unaila shaba ya ncha ya waya kidogo kidogo kila usiku. Leo miliampea nne, mwakani waya umekatika au taa zinawaka tena kwa nguvu zote.

Nimechomoa swichi moja moja, alfajiri, vidoti vikiwa vinaonekana. Mlango wa mizigo ulikuwa wa mwisho. Nilipoitenganisha soketi yake, dari ikawa giza kamili.

Swichi hiyo imekaa kona ya chini, kushoto, kwenye fremu ya mlango wa mizigo. Soketi imejaa unga wa kijani na buluu, na pembeni ya bolti kuna ukoko mweupe. Niligusa ukoko kwa ncha ya ulimi. Ni chumvi. Nikainua zulia la mizigo, na hapo nikaelewa: bati la chini limechoreka njia nyeupe kutoka katikati ya gari hadi kwenye kona hiyo hiyo, na harufu ya papa ikapanda puani. Nilikuwa nimeshaanza kuilaumu feri na upepo wa bahari. Kumbe sehemu kubwa ya chumvi hii imepakiwa ndani kwa magunia. Papa na ng'onda hukaushwa kwa chumvi, gunia likiegemezwa mlangoni linatoa jasho, jasho linateremka, na gari likipanda kutoka kwenye feri pale Likoni kila kilichomo kinakimbilia nyuma.

Jumanne

Majengo, kwa muuza spea za mitumba kutoka Japani. Nilikwenda na swichi mbili za zamani mfukoni, ya kushoto na ya mizigo, na mita yangu. Usiende na jina la gari peke yake. Swichi hizi zinafanana kwa sura lakini urefu wa pini unatofautiana, nyingine zina waya mmoja na nyingine miwili, na pini ikiwa fupi kwa milimita mbili umerudi kule kule ulikotoka. Niliziweka kaunta, nikalinganisha pini na pini, nikapima kila moja: pini ikiwa nje mita ilie, ikibonyezwa inyamaze, na inyamaze mapema, si mpaka kidole kifike mwisho kabisa. Muuzaji alikuwa mvumilivu, akanimwagia kopo zima nichague. Nilipata mbili zenye mipira yake mizima, na bei ya zote mbili haikufika sahani ya biriani.

Jumatano jioni

Kufunga. Ile ya nguzoni ilikuwa kazi ya spana namba kumi. Kabla ya kuichomoa soketi nimeubana waya kwa kibanio cha nguo, maana waya ukirudi ndani ya nguzo utaung'oa urembo wote wa plastiki kuufuata. Tundu la bolti nimelisugua kwa msasa mpaka chuma kikaonekana, kwa sababu swichi ya waya mmoja inapata hasi yake kupitia bolti hiyo, kisha nikapaka grisi juu yake ili kutu isirudi.

Mlango wa mizigo ulichukua jioni iliyobaki. Soketi nimeiloweka kwenye siki, nikaipiga mswaki wa meno, nikaisuuza kwa maji baridi ya kutosha, maana siki ikiachwa nayo inakula shaba, nikaikausha mbele ya feni. Waya wenyewe nilipoukata kidogo, ndani ulikuwa mweusi. Nikakata tena, mweusi. Nilirudi nyuma karibu shubiri moja ndipo nikakutana na shaba inayong'aa. Nimeunga kipande kipya kwa risasi ya kuchomea, nikakivalisha mpira wa kubana kwa moto, na kiungo nimekipandisha juu, kimefungwa kwenye ubavu wa fremu, ili maji yakifika tena kwenye kona yasikute kiungo. Sehemu ya chini ya waya nimeipinda iwe na tumbo kabla ya kuingia kwenye swichi: maji yanayoteremka juu ya waya yadondoke kwenye tumbo hilo, yasifuate waya mpaka ndani ya soketi. Ndani ya soketi nimejaza grisi ya umeme. Bati la chini limeoshwa kwa maji matamu na sabuni, mara nyingi, mpaka maji yakaacha kuwa na ladha.

Nikiwa huko nimefungua pia plastiki ya chini ya dashibodi upande wa dereva. Waya wa alamu umeungwa kwenye mstari huu wa milango kwa kusokotwa na kufungwa utepe, na gundi ya utepe imeyeyuka. Nimeuunga upya kwa risasi. Ami alikuwa akilalamika kwamba akifunga gari alamu inalia mara nyingi zaidi kuliko zamani; alamu nyingi hufanya hivyo kumwambia mwenye gari kwamba mlango mmoja haujafungwa. Ilikuwa ikimwambia kweli muda wote huu.

Alhamisi alfajiri

Imenyesha tangu saa tisa. Nimeondoa balbu ya nyuma kabisa ili nimpe LED kila nafasi ya kusema. Dari ni giza. Mita: 27, sawasawa na adhuhuri ya Jumatatu.

Nimeirudisha balbu, na ili niione taa ya mizigo inavyozima, nimeiacha simu ndani inarekodi, nikafunga mlango, nikasubiri kidogo, nikafungua. Kwenye rekodi mlango unabamizwa, taa inazima hapo hapo, na mvua inasikika kwenye bati mpaka mlango unafunguliwa tena.

Jumamosi

Ami amekuja na mkungu mdogo wa ndizi. Nimemfungulia mlango mmoja mmoja, nikafunga, yeye amekaa mbele anakitazama kialama. Kila mlango, kinawaka na kuzima. Nikamfungulia wa nyuma kushoto nikauacha nusu, umeshika hatua ya kwanza tu ya kufuli kama wanavyouacha watoto. Kikabaki kinawaka.

"Sasa nikikiona hiki nisimame?"

"Usimame, Ami. Sasa kikiwaka, mlango uko wazi."

Amekubali kununua trei ya plastiki yenye kingo, ya upana wa sehemu ya mizigo, na magunia ya papa yakae humo katikati, yasiegemee mlango. Na kila Ijumaa kabla ya kwenda kuswali, ile kona ya chini ioshwe kwa chupa moja ya maji matamu na kufutwa. Ameniuliza kama arudishe balbu ya zamani pale katikati. Nimemwomba aiache hiyo LED: uvujaji ukianza tena itaonyesha mapema, aitazame usiku taa ya nyuma ikiwa imezimwa kwa kitufe.

Kilichobaki: pini na bushi za bawaba ya mlango wa nyuma kushoto, maana kile chuma nilichokisogeza hakina nafasi zaidi. Na betri. Imeshushwa chini mara nyingi na bamba zake zimeumia; nataka ikapimwe kwa mzigo wa umeme dukani kabla ya mwisho wa mwezi, na ikishindwa, Ami ana habari.